Fika Kabla Mpango Haujapitishwa: Mwongozo wa Mwananchi Kuhusu Mipango ya Matumizi ya Ardhi

Wananchi wengi hukutana na mpango wa ardhi wakati mambo yameshakwisha. Alama ya X imeshachorwa ukutani, greda limeshaingia shambani, au njia ya mifugo iliyotumika tangu enzi za mababu imeshakuwa shamba la mtu. Hapo ndipo watu hukimbilia kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge na kwa waandishi wa habari. Wakati mwingine husikilizwa, lakini mara nyingi hujibiwa kwamba mpango ulishapitishwa, na muhtasari wa kikao upo ofisini.

Sheria za sasa za Tanzania zinampa mwananchi sauti kubwa katika kupanga ardhi. Sauti hiyo ina nguvu zaidi mpango ukiwa bado unajadiliwa, na hupungua sana ukishapigwa mhuri. Mwongozo huu unakuonyesha wakati huo ni upi, vikao vyake ni vipi, na uulize nini ukiwa ndani ya kikao. Umeandikwa kwa ajili ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992.

Tulikotoka, kwa ufupi

Upangaji wa miji uliletwa na wakoloni, na ulianza kwa kuwatenga watu. Mwaka 1914 Wajerumani waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi, na Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, na Waafrika Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka kati ya Waafrika na wengine. Mwaka 1956 ikaja Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji, Sura ya 378, iliyofuata mfano wa Uingereza. Mpango ulichorwa na wataalamu, ukaidhinishwa na wakubwa, na mkazi akaambiwa atii. Sheria hiyo iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Uhuru.

Vijijini, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya watu bila kumaliza swali la nani anamiliki ardhi aliyoikuta na nani anaidai aliyoiacha. Mashauri yalijaa mahakamani. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka nchini ikiwasikiliza wananchi, na mwaka uliofuata ikakabidhi taarifa yake. Si mapendekezo yote yaliyokubaliwa, lakini mjadala ule ulifungua njia ya Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Mwaka 2007 ukakamilisha mageuzi hayo kwa sheria mbili za upangaji: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6, na Sheria ya Mipangomiji Na. 8, ambayo ndiyo iliyoifuta ile ya 1956.

Kutokana na mageuzi hayo, halmashauri ya kijiji chako ni mamlaka ya upangaji inayotambuliwa na sheria, na mpango wake haupiti bila mkutano mkuu wa kijiji. Mjini, halmashauri ya jiji, manispaa au mji inatakiwa kuwashirikisha wadau tangu mwanzo.

Kwanza, jua ardhi yako iko kundi gani

Sheria inaigawa ardhi yote katika makundi matatu.

*Ardhi ya hifadhi* ni ile iliyotengwa na sheria mahususi: hifadhi za taifa, misitu ya hifadhi, hifadhi za barabara, vyanzo vya maji, na maeneo hatarishi kama mabonde yanayofurika.

*Ardhi ya kijiji* ni ile iliyo ndani ya mipaka ya kijiji kilichosajiliwa. Tanzania Bara ina zaidi ya vijiji 12,000. Ardhi hii inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na umiliki wake ni wa kimila.

*Ardhi ya jumla* ni yote iliyobaki, sehemu kubwa ikiwa ya mijini. Inasimamiwa na Kamishna wa Ardhi, na umiliki wake ni kwa hati inayotolewa kwa muda maalumu usiozidi miaka 99.

Kuna jambo moja ambalo kila mwanakijiji anapaswa kulijua. Sheria ya Ardhi Na. 4, inapofafanua ardhi ya jumla, inataja pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Kwa hiyo malisho ya kiangazi, msitu wa matambiko au eneo mlilowaachia wajukuu, kama havimo katika mpango wowote, vinaweza kuonekana machoni pa mgeni kuwa pori tupu lisilo na mwenyewe. Mpango wa matumizi ya ardhi ndio ushahidi kwamba eneo hilo lina kazi yake na watu wake.

Ukiwa kijijini: hatua za mpango na nafasi yako katika kila hatua

Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984 na kupewa sheria mpya mwaka 2007, imetoa mwongozo wenye hatua sita za upangaji shirikishi wa ardhi ya kijiji.

*Hatua ya 1: Maandalizi.* Wilaya huunda timu ya wataalamu wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii. Kazi yako hapa ni kujua kama kijiji chako kimo katika ratiba ya mwaka. Kama hakimo, pelekeni ombi la maandishi kupitia halmashauri ya kijiji. Kijiji kinachosubiri kukumbukwa husubiri muda mrefu.

*Hatua ya 2: Tathmini shirikishi.* Timu inafika kijijini, inaitisha mkutano, na kijiji kinachagua kamati yake ya usimamizi wa matumizi ya ardhi. Uchaguzi huu usifanywe kwa haraka. Kamati yenye wakulima watupu itasahau malisho. Yenye wanaume watupu itasahau kisima na kuni. Hakikisheni wafugaji, wanawake, vijana, na watu wa jamii ndogo kama warina asali au wavuvi wana mtu wao ndani.

Kisha wataalamu na wanakijiji huchora ramani ya kijiji na kuorodhesha rasilimali na matatizo. Huu ndio wakati wa kusema yale ambayo picha ya satelaiti haiyaoni: njia ya mifugo inayotumika Agosti tu, bwawa linalokauka, makaburi, mahali panapofurika mvua za masika zikizidi, mpaka unaogombaniwa na kijiji jirani.

*Hatua ya 3: Mipaka na matumizi yaliyopo.* Mipaka ya kijiji inahakikiwa pamoja na vijiji jirani, na viongozi wa pande zote hutia saini muhtasari wa makubaliano. Kijiji ambacho mipaka yake haina ugomvi ndicho kinachopata cheti cha ardhi ya kijiji. Ulizeni cheti chenu kiko wapi. Viongozi wa vijiji na mitaa hubadilika kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ikiwa uchaguzi wa Novemba 2024, na nyaraka nyingi hupotea wakati wa makabidhiano. Cheti, ramani na mihtasari vikabidhiwe kwa maandishi, na nakala ibaki kwa afisa mtendaji wa kijiji.

*Hatua ya 4: Mpango wenyewe.* Hapa ardhi inagawiwa matumizi: makazi, kilimo, malisho, msitu, huduma za jamii, vyanzo vya maji, ardhi ya akiba. Mpango kwa kawaida hukaa miaka 10, kwa hiyo fikirieni watoto walio darasa la kwanza leo, kwa kuwa mpango ukiisha watakuwa wanakaribia kutafuta mahali pa kujenga. Pamoja na mpango zinaandikwa sheria ndogo za kuusimamia. Mpango usio na sheria ndogo hauna meno: mtu atakata miti kwenye chanzo cha maji na mwenyekiti hatakuwa na kifungu cha kumtoza faini.

Rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huu ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na kura yako ina uzito uleule wa kura ya mwenyekiti. Ukikosa siku hii umekosa siku kubwa kuliko zote katika maisha ya ardhi ya kijiji. Sheria ndogo zikishapita hapo, zinakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa ndipo zipate nguvu.

*Hatua ya 5: Utekelezaji na hati.* Kijiji kinafungua masjala ya ardhi, yaani mahali salama pa kutunza daftari na nakala za hati, na mashamba yanahakikiwa ili wenyewe wapewe hatimiliki za kimila. Wakati wa uhakiki uwepo shambani wewe mwenyewe pamoja na majirani zako wote wa mpakani. Kama shamba ni la mke na mume, majina yote mawili yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Mjane asikubali kuambiwa kwamba hati itaandikwa jina la shemeji.

*Hatua ya 6: Mipango ya kina.* Baada ya ramani kubwa, kila eneo lina mpango wake: wapi viwanja vya makazi, wapi josho, namna ya kulisha kwa zamu, nani anaingia msituni na kwa kibali gani.

Mnachopaswa kukisimamia katika mkutano mkuu

Nimeona mipango mizuri kwenye karatasi ikifa ndani ya miaka miwili, na chanzo karibu kila mara ni maswali ambayo hayakuulizwa siku ya mkutano. Simama uyaulize haya, na uombe yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na majibu yake:

- Kila eneo lililotajwa lina ukubwa gani kwa hekta, na mipaka yake ardhini ni ipi? Jina la mlima au mto halitoshi.
- Mifugo iliyopo sasa inahitaji malisho kiasi gani, na eneo lililotengwa linatosha?
- Njia ya mifugo inaanzia wapi, inaishia wapi, ina upana gani, na je, kijiji cha pili kimeiacha wazi upande wake?
- Nani wanalima sasa katika eneo lililotengwa kwa matumizi mengine, na watapelekwa wapi?
- Ardhi ya akiba ni ya nani baadaye, na nani ana mamlaka ya kuigawa?
- Faini zilizomo kwenye sheria ndogo zinaingia mfuko gani?

Kuna sababu ya kusisitiza malisho. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 30. Ugomvi wa namna hiyo hujengeka taratibu pale ambapo watu wawili wanaamini kwa dhati kwamba ardhi ileile ni yao, na hakuna mkutano uliowahi kuamua.

Upande wa pili tuna mifano ya kutia moyo. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya wafugaji vilikaa pamoja, vikaunganisha malisho yao yanayovuka mipaka ya vijiji na kuyaita OLENGAPA, vikayatambua katika mpango wa pamoja na kuyapatia hatimiliki za kimila. Na mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, ambao huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, walipata hatimiliki ya kimila ya jamii nzima. Watu wasio na jembe wala ng'ombe wa kuonyesha kuwa ardhi inatumika walilindwa na mpango. Kama sheria iliweza kuwasaidia wao, itakisaidia pia kijiji chako.

Ukiwa mjini: soma mchoro kabla ya kununua tofali

Mjini kuna ngazi mbili za mpango. *Mpango kabambe* unaonyesha mji mzima kwa miaka mingi ijayo: barabara kuu, viwanda, makazi, maeneo ya wazi, mashamba ya mjini. *Mpango wa kina*, ambao watu huuita mchoro wa mipango miji, unaonyesha eneo dogo hadi kiwanja kwa kiwanja.

Mpango kabambe ukichakaa, mji hujipanga wenyewe. Dar es Salaam ilipata mipango ya mwaka 1949, 1968 na 1979. Ule wa 1979 ulitengenezwa mji ukiwa na watu wapatao 843,000 kwa sensa ya mwaka uliotangulia, na uliendelea kuwa ndio mpango wa jiji kwa zaidi ya miaka 30. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3. Mamilioni ya wakazi hao walijenga mahali ambapo hakuna mchoro uliowahi kuwafikiria, bila mitaro, bila njia ya gari la zimamoto, bila kiwanja cha shule. Gharama ya kurudi nyuma kurasimisha ni kubwa kuliko ya kupanga mapema, na anayeilipa ni mkazi anayemega kiwanja chake ili barabara ipite.

Ukisikia mpango kabambe wa mji wako unaandaliwa au unapitiwa upya, nenda kwenye mikutano ya mtaa na ya wadau. Omba kuonyeshwa mtaa wako kwenye ramani. Kila rangi ina maana yake na ufunguo upo pembeni. Usione haya kumwomba afisa mipango miji akusomee. Tafuta mambo matatu: barabara inayopendekezwa inapita juu ya nyumba ya nani, eneo la wazi lililokuwepo limebaki la wazi, na mtaa wenu umepewa shule, zahanati na soko au umesahauliwa. Pingamizi liandikwe, likabidhiwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana kumbukumbu.

*Kibali.* Sheria ya Mipangomiji hairuhusu mtu kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kuwa na hati hakutoshi. Hati inaeleza matumizi yanayoruhusiwa na muda wa kuendeleza kiwanja, ambao mara nyingi ni miezi 36. Kibali cha ujenzi ni jambo jingine, na unapaswa kuwa nacho mkononi kabla fundi hajachimba msingi.

*Kubadili matumizi.* Kiwanja chako ni cha makazi na wewe unataka kufungua ukumbi wa sherehe, gereji au kituo cha mafuta. Unaomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa halmashauri, na majirani wanapaswa kujua na kusikilizwa. Hili lina pande mbili. Ukiwa mwombaji, usianze ujenzi ukitegemea kwamba maombi yatapita. Ukiwa jirani, tangazo la mabadiliko ndiyo nafasi yako ya kusema habari ya kelele, moshi, maji machafu na magari. Ukinyamaza, utaishi na ukumbi ule kila Jumamosi usiku.

*Maeneo ya kukaa mbali nayo.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, mto au bwawa. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Usidhani ni mita 30 kila mahali. Mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, watu walivunjiwa nyumba katika hifadhi yenye upana wa zaidi ya mita 100 kila upande. Na Desemba 2015, miaka minne baada ya mafuriko makubwa ya 2011, nyumba nyingi za bonde la Mto Msimbazi zilibomolewa. Wengi waliokuwa wakiishi humo walikuwa wamenunua kwa fedha halali, mbele ya mashahidi, na hawakuwahi kufungua ramani.

Orodha ya kufuata kabla ya kununua

Tahadhari kabla ya hatari. Usitoe hata kishika uchumba kabla ya kumaliza haya:

1. Nenda ofisi ya mtaa au kijiji na jina la muuzaji. Waulize majirani wa pande zote, si dalali peke yake.
2. Kama eneo limepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, uende idara ya ardhi ya halmashauri kuhakikisha kiwanja kimo kwenye mchoro ulioidhinishwa na kwa matumizi gani.
3. Kama lina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi utaonyesha mmiliki, mkopo wa benki na zuio la mahakama.
4. Kama halijapimwa, omba kuonyeshwa mpango uliopo au unaoandaliwa. Jibu la "hapa hakuna mpango" liwe onyo. Maana yake barabara bado haijaamuliwa itapita wapi.
5. Pima mwenyewe umbali kutoka mtoni, ufukweni na katikati ya barabara.
6. Kama ni ardhi ya kijiji, mauzo hayakamiliki bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake si idhini. Omba muhtasari wa kikao.
7. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa.
8. Andikishaneni mbele ya wakili, na malipo yapitie benki.

Ardhi ikitakiwa kwa mradi

Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ya jumla au ya hifadhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka taarifa itolewe katika Gazeti la Serikali na kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji, nayo iwafikishie wanakijiji. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri wa Ardhi baada ya kuzingatia maoni ya mkutano mkuu. Kwa hiyo hakuna kiongozi wa kijiji mwenye mamlaka ya kuwakubalia kwa niaba yenu akiwa mezani na mwekezaji.

Fidia inatakiwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Uthamini huzingatia thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyomo, pamoja na posho ya usumbufu, posho ya makazi, gharama za usafiri na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Mthamini akija, mwoneshe kila mti, kila kisima na kila jengo. Soma fomu kabla ya kusaini, piga picha za mali zako, na ubaki na nakala. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa, na ni haki yako kuidai.

Mgogoro ukizuka

Anzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wakiwemo wanawake wasiopungua 3. Kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, baraza linathibitisha hivyo kwa maandishi, na shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Ukitaka kuishtaki Serikali au halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90. Na usikae kimya ukitegemea kwamba haki haiozi: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Jambo ambalo halijafika kwenye shauri lipeleke kwenye kliniki ya ardhi, ambayo Wizara ya Ardhi huiendesha kwa kuwafuata wananchi walipo. Nenda na nyaraka zako zote, si simulizi peke yake.

Kinachokuja

Machi 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Toleo la 2023. Sera hailazimishi mahakamani kama sheria, lakini ndiyo inayoongoza sheria zitakazotungwa au kurekebishwa. Hii ina maana kwamba mageuzi yaliyoanza miaka ya 1990 yako mezani tena, na miswada itakapopelekwa bungeni, kamati za Bunge huwaita wananchi na vikundi kutoa maoni. Chama chenu cha ushirika, kikundi chenu cha wafugaji, umoja wenu wa wakazi wa mtaa, vyote vina haki ya kuandika na kufika.

Wiki hii fanya mambo matatu. Nenda ofisi ya kijiji au mtaa uombe kuona mpango wa matumizi ya ardhi au mchoro wa eneo lako. Uliza tarehe ya mkutano mkuu unaofuata, na ajenda zake. Kisha mwambie jirani yako, hasa yule ambaye hajazoea kwenda mikutanoni: mjane, kijana, mfugaji aliyeko kambini. Sheria imekupa kiti katika mkutano ule, na usipokikalia, mwingine ataamua ardhi yako itumikeje.